Saa Sita, Mlango Ukiwa Wazi

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, nisije nikamsumbua msomaji kuutafuta. Sikuwa nimemaliza mwezi tangu niolewe. Niliamka kabla ya jua, nikashuka kijitoni peke yangu, nikapanda juu ya mwamba, nikafungua kinywa na kutoa noti ya juu kuliko zote nilizokuwa nazo. Nikaishikilia mpaka pumzi ikaisha. Kisha nikavuta pumzi nyingine, nikairudia, kwa sababu ya kwanza haikunifurahisha.

Nilikuwa nafanya mazoezi. Mimi ni soprano, sauti ya kwanza, nimefunzwa kuimba zile nyimbo ndefu za Kizungu ambazo mtu mmoja husimama mbele na wengine wote hukaa wakimtazama. Lakini kwetu Ukambani sauti ya mwanamke ikipanda juu alfajiri, ikakaa huko bila kushuka, watu hawaiiti muziki. Ni yowe. Na yowe lina sheria yake, ya zamani kuliko kanisa na kuliko serikali: ukilisikia, unatoka. Hata kama anayelia ni adui yako, hata kama umevaa nusu, unashika kilicho karibu na mkono wako unakimbilia sauti iliko. Asiyetoka ataulizwa kwa nini. Na anayepiga yowe bure analipa mbuzi.

Sheria hii niliijua. Nilizaliwa Kwa Vonza, upande wa Kitui, ng'ambo ya mto Athi, na huko nako yowe ni yowe. Ilinitoka kichwani katika shule ya bweni, ambako nilipiga kelele za namna ile kila jioni na hakuna aliyewahi kuja, isipokuwa matroni, kutuambia tufunge madirisha.

Basi walikuja. Walitokea kila upande wa bonde: wazee na pinde zao, vijana na mapanga, bwana mmoja na kigoda kwa kuwa hakupata kitu kingine. Wa kwanza kufika alikuwa mama wa ng'ambo ya kijito, jirani yangu wa karibu, ambaye tulikuwa hatujasalimiana zaidi ya mara mbili. Alikuja na panga mkononi, leso ameifunga ndani nje, mtoto mchanga wa kike amembeba mgongoni. Alinikuta nimesimama juu ya mwamba, mikono nimeikunja tumboni kama nilivyofundishwa.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nani?"

"Anayekuua."

Wakati huo wanaume wawili walikuwa wamepitia nyumbani kwangu, wakamkuta mume wangu uani akipiga mswaki. Walimkalisha chini wakamwuliza amenifanya nini. Mume wangu ni seremala na mtu wa maneno machache. Alijibu kwamba hajui alichofanya, lakini yuko tayari kuomba msamaha.

Kijitoni nilieleza kwamba nilikuwa naimba. Bwana wa kigoda alikiweka chini akakikalia.

"Unaimba nini?" mama wa ng'ambo akauliza. "Maneno yake yako wapi?"

"Hayana maneno. Ni noti tu. Nafungua sauti."

Alinitazama, kisha akageuza kichwa akanusa upepo. Upepo ulikuwa unatoka kwake. "Nimeacha chungu motoni," akasema polepole. "Isyo ya nyumba nzima, mahindi na maharagwe yaliyochemka usiku kucha. Nimekiacha, nikaja kukuokoa." Tukanusa sote. Kilikuwa kimeungua. Kitu pekee ambacho hakikulalamika asubuhi ile ni yule mtoto wa mgongoni. Alikuwa amenikodolea macho kama anayesubiri niendelee.

Sauti yenyewe niliipata shuleni, upande wa Kitui, katika shule ya wasichana iliyojengwa na wamishonari. Mke wa mmishonari mmoja alikuwa zamani akiimba katika kumbi kubwa za kwao, kisha akamfuata mume mpaka kwenye vumbi letu. Alifundisha kwaya kwa kinanda cha kukanyaga ambacho panya walikuwa wamekula nusu ya mapafu yake. Siku moja alinisikia nikimwita rafiki yangu aliyekuwa mbali, karibu na mabweni. Akaacha kinanda, akatoka mbio kuuliza nani aliyeita. Nilidhani naadhibiwa. Kwa namna fulani niliadhibiwa, maana tangu siku hiyo wenzangu wakienda netiboli mimi nilisimama kando ya kinanda nikipanda do-re-mi na kushuka, yeye akinigonga tumboni kwa vidole na kusema pumzi inakaa hapa, haikai kifuani. Aliporudi kwao aliniachia uma wa chuma wa kutafutia sauti, ule unaougonga kwenye goti ukalia, na onyo moja: nisiache sauti ikalala, kwa kuwa sauti iliyolala siku nyingi huamka imezeeka.

Kwa hiyo kunyamaza nisingeweza. Na kuhama nisingeweza pia. Siku nilipovuka Athi kuja kuolewa upande wa Makueni niliamua kwamba mito niliyovuka inatosha. Mimi ni mtu wa kukaa. Napenda kitanda changu, kikombe changu, na kujua kuku yupi ametaga wapi. Watu wote waliojua mambo ya kuimba waliniambia soprano hakai kijijini. Mimi nikasema tutaona. Sikusema kwa sauti kubwa, kwa sababu tayari nilikuwa na kesi.

Wazee wa kijiji walikaa, wakamla mbuzi wa mama mkwe wangu, kwa kuwa mimi sikuwa na mbuzi, nilikuwa na uma tu. Walipokwisha kunawa wakatoa hukumu. Huyu bibi arusi asiimbe alfajiri, wala magharibi, wala usiku, maana hizo ni saa za shida. Aimbe jua likiwa utosini, saa ambayo hata mwizi amelala. Aimbe nyumbani kwake. Na akiimba mlango uwe wazi, ili kila anayepita amwone mikono na miguu, ajue yuko mzima.

"Na akisahau?" mama wa ng'ambo akauliza.

"Mbuzi mwingine," wazee wakajibu, na nadhani niliona matumaini katika nyuso zao.

Hivyo ndivyo nilivyopata chumba changu cha mazoezi. Kilikuwa mlango. Kila siku saa sita nilisimama kizingitini, uso nimeuelekeza bondeni, nikagonga uma kwenye goti na kuanza. Wanaojua Makueni wanajua saa sita yetu. Koo linakauka kama ngozi iliyowambwa, kuku wamefungua midomo kivulini, hata mbwa hana hamu ya kubweka. Niliimba. Niliimba nikiwa na mimba ya mtoto wa kwanza, pumzi haina pa kukaa kwa sababu mpangaji mwingine ameingia. Niliimba na mtoto mwingine akiwa na surua. Mwaka ule wa mahindi ya manjano, tulipokula chakula cha msaada na kuona nyota mchana, niliimba nimeshikilia mwimo wa mlango nisianguke. Mume wangu alinitengenezea mwimo mpya, mnene zaidi. Hakusema kwa nini.

Bonde lilinizoea. Watoto wa shule walijua wamechelewa wakinisikia kabla ya kufika kwao. Fundi mwenzake mume wangu aliweka randa chini nikianza, akaishika tena nikimaliza. Lakini aliyenitumia kuliko wote alikuwa mama wa ng'ambo, huku akinitukana. "Huyo mtu wa Kitui akianza kulia, naongeza maji kwenye chungu," aliwaambia watu sokoni, nikiwa nimesimama hapo hapo. "Akimaliza, naipua. Tangu aniunguzie kile cha kwanza, hiki angalau ananilindia."

Nilikuwa na kazi ya jukwaani pia, msifikiri niliimbia kuku peke yao. Kiongozi wa kwaya ya kanisa moja kubwa huko jijini alikuwa amesikia habari zangu kutoka kwa yule mwalimu wangu. Kila Pasaka na kila Krismasi aliniita niimbe mahali pa mtu mmoja katika zile nyimbo zao ndefu zinazochukua jioni nzima. Nilishonewa gauni refu kwa kitambaa cha pazia, la kijani, na mshonaji akaniapia hakuna atakayejua. Mara ya kwanza nilipolivaa nilisimama jukwaani mbele ya pazia la kitambaa kile kile. Nadhani walioketi nyuma waliona kichwa tu kikiimba.

Nikimaliza, watu wanapiga makofi, nami nauliza basi la kwanza linaondoka saa ngapi. Mwaka mmoja kiongozi yule alinisimamisha mlangoni akaniambia kuna kazi: kufundisha sauti katika shule ya jijini, nyumba ya mwalimu ipo, maji ya mfereji yapo.

"Unarudi kule kufanya nini?" akaniuliza.

"Kufunga kuku," nikasema.

Alicheka, akangoja niseme jibu lenyewe. Nilikuwa nimeshalisema. Watu waliosikia kisa hicho huniambia nilikataa jiji kwa msimamo. Msimamo gani? Sikupenda vitanda vyao. Lakini ndani ya uvivu wangu kulikuwa na kitu kigumu, nakikiri: nilitaka kuonyesha kwamba mtu anaweza kuwa soprano kamili na bado akalala kwake.

Kufundisha kulianza kwa njia ya makanisa. Sina cheti cha ualimu. Nina kidato cha nne na uma. Lakini kwaya zilinitaka, nami nikaenda zilikoniita, nikilalamika njia nzima: Kwa Vonza kwetu, Nuu, hadi Tseikuru, ambako nilifundisha chini ya paa la mabati lililokuwa likipiga kelele kwa joto kuliko sisi. Mfanyabiashara mmoja wa mifugo, Mwislamu aliyetoka kaskazini na wanyama wake, alisimama mlangoni mpaka tukamaliza.

"Mwalimu," akasema, "ngamia wangu walikuwa wanaenda majini. Wamesimama."

Sikujua kama ananisifu au anataka fidia. Nikamwambia pole.

"Pole ya nini? Ngamia hasimami bure."

Nilirudi nyumbani na sifa hiyo nikampa mume wangu. Akafikiri, akaniuliza kama ngamia hao baadaye walikunywa maji.

Sasa yule mtoto wa mgongoni. Alikua, akaenda shule, akawa msichana mrefu mwenye haya, anayetazama vidole vya miguu yake akisalimia. Siku moja saa sita nilikuwa mlangoni, nikapanda mpaka sol, nikapumzika. Kutoka kijitoni, mahali pa kutekea maji, sauti ikaendelea mahali nilipoachia, ikapita la, ikapita si, ikatua juu kwenye do bila kugusa ukingo. Nilidhani ni mwangwi. Lakini mwangwi haupandi juu kuliko aliyeuita. Nilisogea nikachungulia, nikamwona na mtungi wake, ametazama vidole vyake vya miguu.

Mwalimu mkuu wa shule yao alikuwa ameniomba nimtafutie mwanafunzi wa kuimba peke yake katika mashindano ya muziki. Nikavuka kijito jioni ile ile.

"Karibu, mtu wa Kitui," mama wa ng'ambo akasema bila kuinuka. "Umekuja kulipa chungu?"

"Nimekuja kuomba mtoto."

"Wa kwako wamekuishia?"

Nikaeleza. Alikuwa akichambua mbaazi katika ungo, na kila nilipotaja neno kuimba aliutikisa ungo kwa nguvu zaidi.

"Huyu anaenda kusomea unesi," akasema.

"Anaweza kuimba na kuwa nesi."

"Na mgonjwa alale saa ngapi?"

"Mama, sauti kama hiyo haiji kila mwaka."

"Nzige pia hawaji kila mwaka." Akaweka ungo chini. "Nisikilize. Mwimbaji ni mtu wa barabara. Leo Kitui, kesho Nairobi, kesho kutwa simjui. Nina msichana mmoja tu. Nikimpa barabara, nani atanirudishia?"

"Mimi nimekwenda wapi? Si niko hapa kila siku?"

"Wewe si mfano. Wewe ni mvivu."

Nilipomsimulia mume wangu baadaye alisema huyo mama ni mtu wa kweli.

Lakini sikuondoka. Nilikaa kwenye kigoda chake, nikavuta ungo, nikaanza kuchambua mbaazi pamoja naye, na sikufungua kinywa. Ni jambo lisilo la kawaida kwangu na lilimtia wasiwasi. Msichana alipita mara tatu akijifanya anatafuta kitu. Mwishowe mama yake akamtazama, akanitazama mimi, akahamia Kiswahili. Hiyo ilikuwa desturi yake. Mambo ya kila siku aliyasema kwa Kikamba, lakini akitaka kukata neno alitumia Kiswahili alichojifunza sokoni akiuza machungwa. Alisema Kikamba kina huruma nyingi.

"Mchukue," akasema. "Lakini akishindwa, wewe unanyamaza. Kabisa. Hiyo saa sita ikuwe ya watu wote."

Nikasema sawa. Nilisema haraka, kama mtu anayeruka mtaro bila kuupima. Nikiwa kijitoni narudi ndipo nilipoupima. Nilikuwa nimekataa jiji, kazi na maji ya mfereji ili nibaki na mlango wangu, na sasa nimeuweka mlango wenyewe rehani juu ya msichana asiyeweza kumtazama mtu usoni.

Tulifanya kazi. Kila saa sita alivuka kijito, tukasimama wawili kizingitini. Nilimlaza chali sakafuni nikamwekea jiwe la kusagia tumboni, aone pumzi ikiliinua na kulishusha. Mama yake alitokea ghafla kuangalia mali yake, akamkuta hivyo.

"Nilikupa umfundishe kuimba," akasema. "Kumbe unamsaga?"

Nilimwashia koroboi mchana kweupe, aimbe mbele ya ule mwali usitikisike. Mama yake akauliza kama mafuta ya taa siku hizi yanaanguka kutoka mbinguni. Wimbo niliouchagua ulikuwa wa Kiitaliano, na mwanzoni maneno yake tuliyameza kama vidonge. Mama alitaka kujua binti yake anasema nini. Nikamwambia ni mtu anayemlilia mpenzi wake aliyekwenda mbali.

"Si amfuate?"

"Hawezi."

"Basi na yeye ni mvivu. Ndiyo maana umeuchagua."

Sauti haikuwa shida. Sauti ya msichana yule ilipanda kama moshi siku isiyo na upepo. Shida ilikuwa macho. Alipofika kwenye noti ya mwisho, ile ndefu inayosimama peke yake kinanda kikiwa kimenyamaza, macho yalianguka sakafuni na sauti ikayafuata. Nilimwambia achague msumari kwenye ukuta wa nyuma auimbie huo. Tulichagua msumari nyumbani kwangu. Nikamwahidi kwamba hata ukumbi wa Kitui lazima una msumari. Usiku nililala nikiomba msumari.

Siku ya mashindano tulipanda lori la shule, tukavuka Athi. Mama wa ng'ambo alikuja. Hakuna aliyemwalika. Alikaa na kiondo cha machungwa miguuni, akasema anakwenda kuona nikishindwa kwa macho yake mwenyewe, asije akasimuliwa. Ukumbi ulikuwa wa shule moja mjini Kitui, umejaa wanafunzi na walimu, na mlango wa nyuma ulifunguka jikoni, ambako akina mama wapishi walikuwa wakipakua chakula. Jaji alikaa katikati na kengele yake mezani. Alikwisha kutuonya kwamba anayetaka kufanya fujo afanyie nje.

Msichana akapanda jukwaani. Nilimwona akitafuta msumari. Nadhani aliupata, kwa kuwa alianza vizuri na akaendelea vizuri zaidi, nami nikawa naimba naye ndani ya mbavu bila kutoa sauti. Kinanda kikanyamaza. Akavuta pumzi kutoka pale pale nilipokuwa nimeweka jiwe. Akatoa noti ya mwisho.

Na mama yake akasimama.

Sisemi aliamua kusimama. Mwili ulisimama wenyewe, mkono wa kulia umekwisha kutafuta panga lisilokuwepo. Kiondo kikapinduka, machungwa yakateremka kwenye sakafu ya saruji kuelekea jukwaani, moja likagonga kiatu cha jaji. Nikageuka nimvute leso akae. Ndipo nilipoona hakuwa peke yake. Mwalimu mmoja wa kike, wa makamo, alikuwa amesimama upande wa pili. Bibi mmoja aliyekuja na mjukuu alikuwa amesimama kwa kushikilia kiti. Na kwenye mlango wa jikoni walikuwa wapishi, miiko mikononi, aproni zimelowa, wametoka kama tunavyotoka. Hakuna aliyewaambia kwamba hii ni noti. Mtoto wa mtu ameita, wakaja.

Msichana aliuacha msumari. Nilimwona. Macho yake yalishuka, nikasema moyoni basi, tumekwisha. Lakini hayakufika sakafuni. Yalikomea kwa mama yake. Akamtazama usoni, wazi, na noti ikakaa pale juu, ikanenepa, ikakaa tena, mpaka mimi ndiye niliyeishiwa na pumzi.

Jaji alituambia mambo mengi. Alisema sauti ile ni adimu. Alisema pia kwamba mwimbaji alimalizia wimbo wote kwa mtu mmoja badala ya ukumbi, kwamba noti ya mwisho ilizidi kipimo chake, na kwamba katika miaka yake yote hakuwahi kugongwa na chungwa. Tukawa wa pili. Anayesonga mbele ni wa kwanza peke yake.

Tukapanda lori kurudi. Msichana alilala begani kwa mama yake. Nilitaka kusema kwamba wa pili si kushindwa, nikaona hiyo ni hoja ya wakili, na mimi nilikuwa nimesema sawa mbele ya ungo wa mbaazi. Neno ni neno. Kama niling'ang'ania kukaa nyumbani, basi ningekaa kama mtu wa nyumbani, mwenye kushika ahadi na majirani zake.

Kesho yake saa sita ilipofika nilifunga mlango. Nikakaa ndani, nikashona shati ambalo halikuwa limechanika. Siku ya pili vilevile. Ajabu ya kimya ni kwamba kina masikio: nilisikia randa ya fundi mwenzake mume wangu ikiendelea kupita wakati wake wa kupumzika, nikasikia watoto wakibishana njiani kama wamechelewa au la. Mume wangu aliingia kula, akatazama mlango uliofungwa, akatazama ule mwimo mnene alioutengeneza.

"Saa sita imepita bila mtu," akasema.

"Nimeahidi."

Akala. Akamaliza. Akasema, "Mimi sikuahidi," kisha akarudi kazini, na sijui mpaka leo alitaka nielewe nini. Uma niliufungia katika sanduku, ndani ya lile gauni la pazia. Nilijua naanza kuzeeka kwenye koo. Mtu akizoea kubeba kitu kila siku, siku asipokibeba ndipo anapojua uzito wake.

Yule msichana, nikimbilie mbele kidogo, hakuwa nesi. Leo anafundisha muziki katika shule moja upande wa Kitui, na mwisho wa juma anarudi kwa mama yake. Barabara ilimchukua na barabara ikamrudisha. Lakini wakati ule sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba nimekaa gizani saa sita mchana, na mlango umefungwa.

Siku ya tatu, au ya nne, mlango ulisukumwa bila hodi. Mwanga uliingia kwanza, kisha harufu. Mama wa ng'ambo alikuwa amesimama kizingitini mwangu, mahali pangu hasa, ameshika chungu kwa matambara mawili. Ndani isyo ilikuwa imekuwa makaa. Alikiweka mezani juu ya shati langu.

"Tazama," akasema kwa Kikamba. "Nilikuwa nangoja uanze niongeze maji. Nimengoja, nimengoja."

"Uliniambia ninyamaze."

"Nilikuambia akishindwa."

"Alikuwa wa pili."

"Wa pili kwa nani? Kwa yule bwana wa kengele?" Akavuta leso yake akaifunga upya kiunoni, kama afanyavyo akitaka kugombana au kulia. "Aliponitazama vile, mbele ya watu wote, mtoto ambaye hajawahi kunitazama hata akiomba chumvi. Wewe ulitaka ashinde nini tena?"

Alikwenda kona ya nyumba, akalipata jiwe la kusagia, akaliinua kwa mikono miwili, akaja akalitua chini kando ya mlango ili usijifunge. Akalisukuma kwa mguu, akahakikisha. Kisha akachukua chungu chake kilichoungua, akatoka mpaka uani, akageuka. Nilijua neno limefika, kwa sababu alihamia Kiswahili.

"Imba basi, mama, jua linaenda. Lakini ujue: mtoto wangu akiita, mimi nasimama. Wewe ukiita, mimi naangalia chungu changu."